Kilio cha Muuza Dagaa

Tuliporekodi filamu kuhusu maisha ya mpakani pale Sapiwi, mama aliyefiwa aliigizwa na muuza dagaa wa Lamadi. Kila mara alifuta mikono kwenye kitenge, hata ikiwa mikavu, na aliongea kwa sauti ndogo hadi nikamsogezea maiki. Mbele ya kaburi la bandia alilia, "Ng'wana wane," yaani mwanangu, mpaka mpiga picha akafuta macho. Mwongozaji akasimamisha.

"Mama, lia kwa Kiswahili, watu waelewe."

Alijaribu, sauti haikutoka. Akafuta mikono.

"Unisamehe, baba. Nimezika watoto wawili, wote nimewalilia kwa Kisukuma."

Akaletwa mwigizaji mwingine kutoka mjini. Yule mama alikaa pembeni, akaanza tena kulia kwa Kisukuma. Ni mimi niliyemwomba asogee mbali, kwa sababu kilio chake kilikuwa kinaingia kwenye maiki.