Mtoto wa Chumba cha Dawa

Jumamosi ilikuwa siku ya kukata nywele. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya jiko, mkasi mkononi, na watoto wakapanga foleni huku wakisukumana, maana wa kwanza kukatwa ndiye aliyepata ukoko wa uji. Wembe niliupiga marufuku tangu siku niliyofika. Mimi ni muuguzi, siwezi kukubali wembe mmoja upite kwenye vichwa thelathini. Kule mashariki ya Kongo asubuhi ina baridi, siyo kama hapa Bariadi ambako saa tatu jua limeshakuchoma mgongo. Walichekana vichwa, wakavipapasa, wakapewa uji. Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa mtama ulioungua kidogo, natamani kuwaona watoto wale.

Jina langu Kabula, Msukuma wa Mwamapalala. Kanisa letu lilipotangaza kwamba kituo kimoja cha yatima kule Kongo kinatafuta muuguzi wa kujitolea, nilikuwa mjane, na binti yangu wa pekee alikwisha kuolewa Ipililo. Nilikwenda kumuaga shangazi yangu, akanicheka.

"Wamisionari ndio wanaokuja kwetu," alisema. "Wewe umisionari wako unaupeleka wapi?"

Lakini alinifungia mfuko wa michembe, viazi vile vikavu tunavyopika msimu wa njaa, niwe nakula nikikumbuka kwetu. Watoto wa Kongo walivionja wakasema vina ladha ya udongo. Wiki ya pili walikuwa wananiibia.

Tulikuwa na furaha, sitaki kudanganya. Watu wakisikia nilikuwa vitani wanadhani nililia kila siku. Nilikuwa nasafisha masikio, natibu upele, nafundisha kupiga mswaki kwa kijiti. Jumapili Mama Zawadi, mkuu wa kituo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliimbisha mpaka mabati yakatetemeka. Milio ya bunduki ilikuwepo, mbali, nyuma ya vilima. Tuliizoea kama mtu anavyozoea mashine ya kusaga ya jirani.

Jambo moja tulibishana na Mama Zawadi. Nyumbani kwetu watoto hawahesabiwi. Humnyooshei mtoto kidole ukasema mmoja, wawili, watatu, unamwitia balaa. Hata ng'ombe, baba yangu hakuwahesabu. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akawataja, huyu mwekundu, huyu wa madoa, huyu wa pembe moja, na aliyekosekana akamjua hapo hapo. Nami nikafanya vile vile. Kila jioni kabla ya chakula niliwaita watoto kwa majina, mtoto anajibu "niko," anapita.

"Wewe Kabula," Mama Zawadi alinitania, "hawa ni watoto ama ni ng'ombe ya baba yako?"

Nilimjibu kwamba ng'ombe wa baba yangu hawajawahi kupotea. Nilijivuna, nakiri.

Jumapili moja mchana mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia mapigano alipita kituoni akatuachia mtoto wa kike. Alikuwa amemkuta barabarani, hamjui. Miaka mitano hivi, ana homa, macho mekundu. Nilihofia surua, kwa hiyo nikamlaza peke yake kwenye chumba cha dawa, nyuma ya jengo, awe mbali na wenzake. Nilimuuliza jina kwa Kiswahili, akanitazama. Nikamuuliza tena nilipomwogesha, na tena nikimpa dawa. Akameza, akageukia ukuta. Mama Zawadi alitaka tumpe jina lolote. Nikasema hapana, mtoto huyu ana jina lake, tusimfunike na jingine, tumsubiri aseme mwenyewe. Esperansi, msichana wa miaka tisa aliyekwisha kuugua surua zamani, ndiye niliyemtuma kumpelekea uji.

Jumanne asubuhi milio ilikuwa upande wetu wa vilima.

Lori la parokia lilikuja kama saa nne. Dereva hakuzima injini. Alisema wapiganaji wameshafika sokoni, na daraja likifungwa hatutoki tena.

"Tuwahesabu wapande," alisema Mama Zawadi.

"Nitawaita," nilisema.

Nilisimama nyuma ya lori. Niliita, wakajibu, wakapanda. Sikukosea hata jina moja. Kila niliyemwita alikuwepo. Nilipomaliza nilipanda na mimi, nikashika chuma, nikasema, "Wote wapo. Twende."

Tulivuka daraja.

Mbele kidogo mtoto mmoja aliomba maji. Nilifungua mfuko wa dawa kutafuta kikombe, nikaona chupa ya dawa ya homa. Nikatazama saa. Saa sita ilikuwa zamu ya yule mtoto.

Nilipiga bodi ya lori kwa ngumi mpaka dereva akasimama. Nikaruka chini. Nilikimbia kurudi darajani. Kulikuwa na askari pale, na walikuwa wamelifunga.

Nilimwambia askari wa kwanza kuna mtoto. Alisema hakuna anayerudi. Nikamwambia ni mgonjwa, yuko peke yake, amelala. Alielekeza bunduki chini, kwenye miguu yangu.

Mama Zawadi alinifuata akihema, akanishika mkono.

"Wakikuua hapa, hawa wengine nani atawatibu?"

Nilitazama ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda upande wa soko. Jengo letu halikuonekana.

Nikageuka. Nilirudi kwenye lori kwa miguu yangu mwenyewe. Hakuna aliyenibeba.

Watoto waliokuwemo kwenye lori wote walipona. Tulikaa kambini miezi saba, na sikuzika hata mmoja. Watu wa kanisa walipofika kituoni baadaye walikuta madirisha yamevunjwa na chumba cha dawa kitupu. Hapakuwa na damu, hapakuwa na mtoto. Nilizunguka hema kwa hema nikiulizia. Lakini utamuulizia mtu vipi kama huna jina lake? Nilikuwa nasema, mtoto wa kike, mfupi, ana homa. Watoto wa hivyo walikuwa wamejaa kambi nzima.

Siku hizi nafanya kazi kwenye zahanati moja karibu na Lagangabilili. Siku za chanjo nawahesabu watoto kwa kidole, mbele ya mama zao. Kina bibi wananiangalia vibaya, na mmoja aliwahi kuniambia nimesahau kwetu. Niliendelea kuhesabu. Mila ile haina kosa, baba hakuwa na ng'ombe asiye na jina. Kosa ni langu: nilimwacha yule nje ya orodha kwa kumheshimu, halafu nikaiamini orodha.

Mwezi uliopita Esperansi alinipigia simu. Sasa ni mtu mzima, anasomea uuguzi, na alianza kwa kunisalimia "mwangaluka", salamu yetu Wasukuma ya asubuhi, kama nilivyowafundisha, ingawa ilikuwa mchana. Tulicheka kuhusu michembe. Tukamkumbuka Mama Zawadi, aliyefariki kambini mwishoni mwa miezi ile, usingizini, Mungu amrehemu. Halafu akaniambia:

"Mama Kabula, yule mtoto alikuwa anaitwa Sifa."

Nilimuuliza amejuaje.

"Aliniambia asubuhi ile, nilipompelekea uji. Nilikuja kukwambia, nikakuta unafunga dawa, ukasema nisubiri. Kwenye lori nilidhani umembeba mbele kwa dereva. Ulipoanza kulia nikaogopa kusema."

Amekaa na jina hilo miaka yote. Alisema huwa anafikiri, kama angenishika gauni, kama angesema kwa nguvu. Alikuwa analia. Nilimwambia aache, asijibebeshe mzigo usio wake. Nikamwambia yeye alikuwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa na arobaini na mbili.