Theluji ya Kindu

Wakati wa vita barabara yetu ilijifunza jambo moja: mtu akipiga kelele "Beba!", unabeba kwanza, unauliza nyuma. Juzi mpiga kelele nilikuwa mimi.

Mdogo wangu Zaina, aliyekimbia vita mpaka Kanada, alinitumia telefone yake ya zamani. Asubuhi ya kwanza kuifungua nikaangalia hali ya hewa. Nikaona picha za vitu vyeupe vikianguka leo, kesho, juma zima. Kwetu Kindu, cheupe kinachoanguka kutoka mbinguni ni mvua ya mawe, na mpunga wa majirani wote ulikuwa nje, umeanikwa kwenye mikeka.

"Beba! Beba mupunga! Mvua ya mawe iko inakuja!"

Mngaliona wenyewe! Kufumba na kufumbua, mikeka ikawa mitupu. Hata mzee Ramazani, jirani yangu, alibeba gunia mbio.

"Asante, mama gavana!" akanipigia saluti.

Nikasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, gavana kweli kweli. Jua likazidi kuwaka. "Mungoje tu," nikawaambia.

Adhuhuri Zaina akapiga simu. Nikaweka sauti kubwa, wote wamsikie mdogo wangu wa Kanada akiniita yaya, dada yake mkubwa.

"Yaya, huku theluji imetufunika mpaka ku mulango! Ile telefone, ulishabadilisha muji? Kama hapana, iko inaonyesha hali ya hewa ya huku kwetu."

Mzee Ramazani akatazama jua, akatazama gunia lake, akanitazama mimi.

"Mama gavana," akasema, huku akijishika kiuno, "sasa tupigie kelele ingine: Anika!"