Mama Funguo na Kina Baba Sita

Mama Funguo hakuwa mtu wa kelele. Kwa miaka tisa alisimamia lile ghala la zamani nyuma ya soko, ambalo Mfuko wa Jamii ulilikodi ili familia zisizo na makazi zipate pa kujisitiri. Yeye ndiye aliyegawa vyumba kwa mbao na mapazia, akapanga zamu za jiko na bafu, akajua mtoto yupi ana pumu na bibi yupi hawezi kulala chini. Funguo zote zilining'inia kiunoni mwake, ndiyo maana watoto wakambandika jina hilo.

Asubuhi moja, foleni ya bafu ikiwa bado ndefu, mratibu wa Mfuko aliingia na bahasha. Kijana mstaarabu, viatu vinang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu kiti."

Hakukaa. Alisema ruzuku ya mwaka mpya imepita, tena imeongezwa. Mama Funguo akamshukuru Mungu kwa sauti. Kijana akakohoa.

"Ila kuna sharti. Kuanzia mwezi ujao kituo ni cha kina mama na watoto tu. Kina baba watafute pa kwenda. Wafadhili wanaona si salama."

Kina baba walikuwa sita. Mmoja wao, fundi viatu, alikuwa ameketi hatua mbili tu kutoka pale akimsuka nywele binti yake wa miaka minne, maana mkewe alikuwa na kichanga mikononi. Alisikia kila neno.

"Huo Mfuko wenu," Mama Funguo akauliza polepole, "mama anaingia, mtoto anaingia, baba ndiye anayeutoboa?"

"Mimi nimetumwa tu, mama."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Alipokuwa na miaka saba, nyumba ya wazazi wake ilibomolewa kupisha barabara. Kwenye lango la kambi, afisa mmoja, naye katumwa tu, aliamuru wanaume wapelekwe kambi nyingine ng'ambo ya mji. "Ni siku chache," mama yake aliambiwa. Baba akawapungia mkono kutoka nyuma ya lori, na hawakumwona tena. Mama yake alimtafuta mpaka miguu ikakataa, akafa akiuliza kama kuna barua.

Jumatatu Mama Funguo alikwenda ofisini kwa Mfuko. Kamati ilikuwa kikaoni: zulia, feni, chupa za maji. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, akamtazama juu ya miwani.

"Mama, hukuwa kwenye ratiba."

"Najua. Nani hapa aliyeandika sharti hili?"

Wakapekua makaratasi.

"Limetoka juu," mwenyekiti akasema.

"Juu wapi? Darini? Nipeni ngazi nipande!"

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo.

"Punguza jazba, mama. Hii ni kazi ya huruma."

"Huruma gani? Watu wamepoteza nyumba, wamebaki wao kwa wao, na hicho kilichobaki ndicho mnachokipasua! Kuna baba gani aliyewahi kufanya fujo pale? Miaka tisa. Nitajieni mmoja." Mwenyekiti akafungua chupa ya maji. "Basi simtoi mtu. Anayetaka kumtoa fundi viatu aje amtoe mwenyewe, binti yake akimwangalia."

Wiki haikuisha, akapewa barua ya kufukuzwa kazi. Utovu wa nidhamu, iliandikwa.

Wake wa wale kina baba waliposikia, hawakumuuliza mtu. Walifunga vifurushi, wakaenda na waume zao na watoto kuketi kwenye ngazi za ofisi ya Mfuko. Wapita njia wakasimama, wakauliza, wakaelezwa. Siku ya tatu mwenyekiti akatoka kutangaza kwamba sharti limeondolewa. Lilikuwa, alisema, kosa la uchapaji.

"Kosa la uchapaji!" Mama Funguo akarudia alipopelekewa habari, akaupigiza mwiko mezani mpaka ukakatika.

Kina baba walibaki na familia zao. Kufikia mwisho wa mwaka, fundi viatu alikuwa amepata chumba cha kupanga, ruzuku ikamsaidia kuanzia. Ila Mama Funguo kazi hakurudishiwa. Sasa anasafisha zahanati. Mwenyekiti akikutana naye njiani humchangamkia, "Habari za siku nyingi, mama!" Mama Funguo huvuka barabara bila kumjibu.