Mkono Uliokaa Eda

Mimi nikiona neno "mtoro" limeandikwa mbele ya jina la mgonjwa, damu hunichemka. Hilo ni neno la mtoto wa shule aliyekwenda kutega ndege saa ya hesabu. Lakini kwenye kliniki yetu ya fiziotherapia, hapa Tanga mjini, ndivyo alivyoitwa mtu aliyepooza upande mmoja, akaja mazoezini mara chache, kisha asionekane tena. Anapigiwa simu, hapatikani, anaandikwa mtoro, basi. Hakuna aliyehangaika kuuliza zaidi.

Nafundisha kwenye chuo kinachotumia kliniki hiyo. Mwaka niliokabidhiwa somo la utafiti nilifungua kabati la kazi za wanafunzi waliopita, nikacheka peke yangu kwa hasira. Maumivu ya mgongo kwa walimu. Maumivu ya mgongo kwa wauza duka. Maumivu ya mgongo kwa madereva. Mtu anabadilisha kata na tarehe, anahitimu. Nikawaambia wanafunzi wa mwaka wa mwisho: safari hii hapana, kila mmoja aniletee swali linalomkera kweli. Wakatazamana kama watu walioambiwa wavue viatu wakatembee kwenye miba.

Mkuu wa programu, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyenifundisha hata mimi, alinivuta pembeni. "Mwanangu, utafiti wa stashahada ni wa kuhitimia. Usituletee makubwa." Nilimjibu kwa adabu zote, shikamoo juu, ila sikumsikiliza.

Mmoja tu ndiye aliyenielewa. Alikuwa binti wa Muheza, mtoto wa wakulima wa machungwa, mpole hata ukimwuliza jambo unalazimika kumsogelea ili umsikie. Akaniletea swali lake: hawa tunaowaita watoro wanakwenda wapi? Nusura nimkumbatie. Mkuu yeye alikuwa na jibu tayari. Wavivu hao, alisema, wanakimbilia kunywa kombe la mashehe na mitishamba. Binti akamwambia kwa sauti yake ile ndogo, "Labda, mwalimu. Ila hatujawauliza."

Kabla hajaanza kuzunguka nilimkaririsha kanuni mpaka akachoka nami. Mtafiti anauliza, anasikiliza, anaandika, haingilii. Kibali cha kamati ya maadili kilisema hivyohivyo: mahojiano tu, hakuna kumtibu mtu. Ukianza kuwatibu wale unaowachunguza, hujui tena unachunguza nini, na mgonjwa naye hajui amekubali lipi. Ni kanuni nzuri. Naiamini hata leo.

Basi siku moja, asubuhi, nikiwa darasani, akanipigia kutoka Pangani, ng'ambo ya mto, Bweni. Nilijua kuna jambo, maana si mtu wa kupigapiga simu ovyo. Alikuwa amesimama uani kwa mama mmoja msuka mikeka, aliyepooza upande wa kulia. Mama huyo alikuwa miongoni mwa watoro wetu. Na utoro wake ulikuwa huu: mumewe alifariki, akaingia edani, miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani. Ile namba ya simu tuliyokuwa tukiipiga ilikuwa ya marehemu. Tulikuwa tunampigia maiti, halafu tunakasirika hapokei.

"Kwani edani mtu haendi hospitali?" nikauliza, ingawa jibu nalijua, nimezaliwa humu humu.

"Wifi yake anasema angekuwa na homa wangempeleka. Lakini kutoka na kuvuka mto aende akanyooshwenyooshwe mkono, mwalimu, wanaona ni kama kwenda kutembea. Watu watasemaje." Wala hawakwenda kumwuliza shehe. Na sisi, ee, sisi tulimwambia lini kwamba yale mazoezi ndiyo dawa yenyewe? Tulimwambia tu, "Njoo tena Jumanne."

Kisha akashusha sauti zaidi. "Mwalimu, kliniki ilimwacha anaweza kubana chane ya ukindu wa mkeka kwa kidole gumba. Sasa vidole vinajikunja. Ananiuliza afanyeje. Nimshike, nisimshike?"

Nilitoka nje ya darasa. Mkono uliopooza nauelewa. Ukiachwa, misuli inafupika, viungo vinakauka, na mkono hausubiri kamati ikutane. Nikafikiria nani wa kumpeleka pale; mimi ni mwanamke, ila vipindi vilinibana. Kliniki haikuwa na desturi ya kwenda majumbani, na waliokuwa na nafasi walikuwa wanaume, ambao hawangepita mlango wa mwanamke aliye edani. Aliyekuwepo pale ni yeye, binti wa kike, na mikono yake tumeifundisha wenyewe.

"Shika," nikamwambia. "Shika mkono huo. Mengine tutayajua mbele."

Akashika. Akawa anarudi Bweni kila alipopata nafasi. Wifi, ambaye mwanzoni alikuwa akimtazama kwa jicho la pembeni, akafundishwa kumfungua mama vidole kimoja kimoja asubuhi na jioni. Wakampikia wali wa nazi, wakamfanya wa nyumbani. Nilikwenda mara moja nikakuta mama ameegemea ukuta, mkono wake umelala kwenye mapaja ya binti yule, wanazungumza mambo ya bei ya ukindu. Nilifurahi mno siku ile. Nilijiambia, haya sasa, hii ndiyo elimu.

Binti aliandika yote kwenye taarifa yake, bila kuficha, kwa sababu ndivyo nilivyomfundisha. Kamati ikasoma. Umevunja kibali, ikamwambia. Nikasimama nikasema mimi ndiye niliyemwamuru, kama kuna wa kuadhibiwa ni mimi. Wakanitazama kwa upole unaoudhi kuliko matusi. Mimi nikapewa onyo. Kazi yake yeye ikakataliwa.

Mkuu alikuja ofisini kwangu baada ya hapo, na sitamsingizia ubaya, alikuja kwa huruma. Alifunga mlango. "Mwondoe yule mama kwenye kazi. Aandike kwamba hakupatikana, ni mtoro kama wenzake. Waliobaki wanatosha. Kamati itapitisha, mtoto wa watu ahitimu zake."

Nilimfikishia binti maneno hayo kama yalivyo. Sikumwambia afanye lipi. Nilitaka ahitimu, wallahi nilitaka, na nilitaka pia asikubali, na mambo mawili hayo yalinikaa kifuani yakinisumbua. Alikaa akitazama vidole vyake.

"Nimekula kwake, mwalimu," akasema. "Nimemshika mkono. Nitamwandikaje mtoro?"

Akalia, kisha akaomba radhi kwa kulia. Akarudia mwaka.

Baba yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba binti anamaliza. Akaja chuoni amevaa koti lake la Jumapili, katikati ya juma. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akakaa ukingoni mwa kiti. Swali lake lilikuwa moja: "Mwalimu, mwanangu kaiba?"

"Hapana, baba."

"Basi kafanya nini?"

Nikamweleza. Nilieleza kibali, kamati, utafiti, na kila nilivyozidi kueleza nilijisikia nazungumza upuuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akaenda zake kituo cha basi.

Mama alipotoka eda alikuja kliniki na wifi yake. Kidole gumba na viwili vinavyofuatia vilifunguka. Viwili vya mwisho vimegoma mpaka leo. Anasuka ukili wa mikeka, polepole, hasuki kama zamani, na kila akija anamwulizia yule mwanawe wa Muheza. Mimi namjibu yupo, anasoma. Jina la mama limefutwa kwenye orodha ya watoro. Hilo nililifanya mwenyewe kwa kalamu yangu, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Lakini simu bado zinapigwa vilevile, na asiyepokea anaandikwa vilevile.

Mwaka mpya ulipoanza, binti alikuja kuniletea mada yake ya pili. Amekonda kidogo, nywele amesuka vizuri, salamu yake ileile. Nikasoma karatasi: hali ya vitanda na vyuma vya mazoezi katika chumba cha vitendo cha chuo. Angevihesabu, angeangalia vipi vina kutu, vipi vimelegea, aandike. Nikasoma tena nikidhani nimeruka mstari.

"Hii ndiyo inayokukera?" nikamwuliza. Nilikusudia kumtania. Sauti ikatoka vibaya.

"Hapana, mwalimu." Hakuwa na kinyongo. Alizungumza kama mtu anayekutajia saa ya basi. "Safari hii nimetafuta swali lisilo na mtu ndani yake."

Alisimama akisubiri, mikono ameikunja mbele, kwa adabu. Mkuu alikuwa ameshaisoma mada hiyo na kuisifu. Kanuni zote zimefuatwa, kibali kitatoka bila tabu, na mwisho wa mwaka baba yake atavaa lile koti. Nikachukua kalamu nikatia sahihi.