Joho la Mwalimu Enid Lapunguzwa Mara ya Sita

Saa moja asubuhi, siku tatu kabla ya mahafali, Hilary Thackray amepiga magoti kwenye sakafu ya duka lake, pini nne mdomoni. Mbele yake amesimama Enid Garside, mwenye umri wa miaka 98, ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

“Simama wima, Mwalimu.”

“Wima yangu imeishia hapa. Na acha kunichoma! Kemia ulikuwa unapata sufuri, kumbe hata sindano?”

Hilary, 61, ni fundi wa majoho. Kwa miaka 34 amewavalisha wahitimu wa chuo kikuu cha mji huu wa kaskazini mwa Uingereza. Wiki hii ana majoho 412 ya kupiga pasi. La Enid, aliyemfundisha sekondari, ndilo pekee ambalo halimo kwenye orodha ya chuo.

Enid alifanya mitihani yake ya kemia mwaka 1947, akafaulu daraja la kwanza. Wavulana aliosoma nao walivaa majoho. Yeye na wasichana wenzake wanane walipewa barua ya kuwaambia wamefaulu, basi, kwa kuwa shahada haikuwa ya wanawake. Baadaye chuo kilibadili kanuni, lakini waliotangulia hawakuitwa. Kati ya wale tisa amebaki yeye.

Alifundisha miaka 36 kwa robo tatu ya mshahara wa mwenzake mwenye shahada.

“Na huyo mwenzangu alikuwa ananiuliza majibu kabla ya kipindi,” anasema.

Miaka sita iliyopita Hilary alikiandikia chuo barua kudai shahada ya Enid. Alijibiwa kwamba kamati italitazama suala hilo. Kwa furaha akakata kitambaa cha joho siku ileile. Kamati ikaahirisha, na imeahirisha kila mwaka tangu hapo, huku Enid akizidi kusinyaa.

“Wao wanaahirisha, mimi napunguza. Sentimita tisa sasa!” Hilary anainuka, anakwenda dirishani, anarudi, anafumua mshono aliomaliza kuushona. “Nina hasira mpaka naharibu kazi.”

Mwaka huu chuo kilimwandikia Enid kumpa shahada ya heshima. Aliirudisha barua.

“Heshima wampe mwanasiasa. Mimi nilikaa kwenye mtihani siku nne.”

Mwandishi wa makala haya, aliyewahi kuahirisha mtihani kwa sababu ya mafua, alitazama viatu vyake.

Katika mahafali ya hapa, majina yakiisha kusomwa, msajili husimama na daftari la wahitimu likiwa wazi, akauliza kama yupo aliyefaulu ambaye jina lake halijasomwa. Ni desturi ya zamani na hakuna anayejibu. Hugonga meza mara tatu, akalifunga daftari. Wakati huo wazazi wameshaanza kutafuta makoti yao.

Jumamosi hii Enid atajibu.

Kumwingiza si kazi, maana Hilary ndiye anayesimama mlangoni kuweka sawa joho la kila mhitimu. Kinachomnyima raha ni yatakayofuata. Mkataba wake na chuo unaisha Agosti.

“Wakininyima nitashona mapazia,” anasema, lakini hacheki.

Na msajili akilifunga daftari hivyo hivyo?

“Basi alifunge huku anamtazama machoni, mbele ya watu elfu moja,” anajibu Hilary.

Shida nyingine ni masikio ya Enid. Wamekubaliana kwamba swali likiulizwa, Hilary atambonyeza bega. Sauti nayo inahitaji mazoezi. Hilary anakwenda mwisho wa duka, nyuma ya majoho yaliyotundikwa, anaikaza sauti yake kama ya msajili.

“Yupo aliyefaulu ambaye jina lake halijasomwa?”

“Nipo.”

“Sikusikii, Mwalimu!”

“Nipo!”

“Mbona darasani ulikuwa unatutetemesha? Ile sauti umempa nani?”

Enid anaachia kiti. Anasimama peke yake, pindo likiwa limejaa pini, anavuta pumzi.

“NIPO!”

Nje, mwanamume mmoja anasimamisha baiskeli na kugeuka kutazama dukani.

Hilary anatoka nyuma ya majoho, macho yamemlowa.

“Sasa unalia nini?” anauliza Enid, akikishika tena kiti. “Rudi chini umalize pindo. Jumamosi nina mahafali.”