Mfuko wa Dawa Niliomshonea Mama

Siku mama yangu mzazi aliponiita mwizi, nilikuwa nimeshika sahani yake ya chakula cha mchana.

"Mwizi! Toka nyumbani kwangu!"

Jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, fimbo iko juu.

"Mama, ni mimi, kitinda mimba wako!"

Wapi! Hanijui kabisa.

Mara wifi yangu, mke wa kaka, akachomoka jikoni na kikombe. Kuniona tu, akakificha mgongoni.

Jamani, damu ilinichemka. Hii ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo mama kuchanganyikiwa, na mara zote wifi alikuwa na kikombe.

"Unamnywesha nini mama yangu?"

"Wifi, niache nimpe kwanza, nitakueleza."

Thubutu! Nikampokonya, nikamwaga chini. Wifi akapiga yowe.

Mama akaanguka pale pale.

Ndani ya teksi wifi alimpakata mama kichwa, analia. Mimi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia kaka: mkeo afungashe leo leo.

Hospitalini daktari alimtoboa mama kidole, akapima.

"Sukari imeshuka mno. Mngechelewa kidogo mngempoteza. Anatumia dawa gani?"

Nikautoa mfuko wake wa dawa kwa madaha. Mimi ni fundi cherehani, niliushona mwenyewe: kifuko cha asubuhi, cha mchana, cha jioni. Vidonge vya kliniki ya kisukari, vya magoti, na vya yule daktari mwingine niliyempeleka mama kwake mwezi uliopita, maana niliona kliniki wanachelewesha mambo.

"Vimechanganyika hivi? Maboksi yake yako wapi?"

"Nilitupa."

Wifi akafungua pochi. Maboksi yote niliyotupa yalikuwemo, yamekunjwa vizuri. Aliyaokota kwenye pipa la taka.

Daktari akachukua mawili, akayaweka mbele yangu.

"Kampuni mbili, majina mawili, dawa moja ya kushusha sukari. Mama amekuwa akimeza dozi mbili. Na hii ya magoti inaiongezea makali. Huyo daktari wa pili alijua anatumia nini?"

Sikumwambia. Wala yeye sikumpa nafasi ya kuuliza.

"Na kikombe?" nilimuuliza wifi.

"Maji ya sukari. Akinywa anarudi. Wewe ulipiga marufuku sukari nyumbani, nikawa naificha kwenye ndoo ya unga."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningemuua mama kwa mkono wangu, halafu nimfukuze aliyekuwa anamwokoa.

Jioni mama alizinduka. Jina la kwanza kulitaja lilikuwa la wifi. Niliumia, ila nilistahili.

Wewe unayesoma, ukimpeleka mzee wako kwa daktari mwingine, beba dawa zake zote na maboksi yake, hata ile uliyomnunulia tu dukani. Na yule anayeshinda naye nyumbani, muulize anaona nini.

Muulize kabla hujamwaga kikombe chake.