Ndege Iliyofika Dar Upesi Mno

Mume wangu aliniaga asubuhi akisema anakwenda Dar es Salaam kununua vitenge vya duka letu la Kabuga, pembeni mwa Kigali. Akiwa ndani ya ndege alinitumia ujumbe: wanaondoka. Saa moja hivi baadaye akanipigia.

"Nimefika. Huku iko joto sana."

Mimi nimekulia Dar, na njia ile nimeipita kwa ndege mara kadhaa. Kutoka Kigali ni zaidi ya kilomita elfu moja, karibu saa mbili angani. Kwa muda ule alipaswa kuwa bado juu ya Tanzania, labda hajaimaliza Tabora.

"Huko saa ngapi?" nikamuuliza.

Akaitaja bila kusita, saa moja mbele ya yetu. Moyo ukataka kutulia, kisha nikakumbuka kwamba Uganda nayo iko mbele yetu vilevile, na Entebbe si mbali. Uganda ndiko alikokulia. Siku zilizofuata niliuza vitenge huku nikimwona mwanamke mrembo katika kila mteja.

Siku ya kurudi nilikwenda uwanja wa ndege wa Kanombe bila kumwambia. Ndege ya Dar ilikuwa bado haijatua. Ya Entebbe ndiyo iliyoingia. Nikasimama nyuma ya watu. Akatoka akiwa amemshika mkono mwanamke, kweli, lakini bibi kizee aliyevaa sweta, anayetembea kwa kuburuta miguu.

Nikajitokeza. "Huyu nani?"

Mume wangu akaweka begi chini. "Ni mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Mwenye alinizaa."

"Si uliniambia alikufa ukiwa mdogo?"

"Baba mdogo ndiye alinidanganya hivyo, juu mama aliolewa kwa watu wengine. Nilikuja kujua ukweli tukiwa tumeshaoana. Nikaona aibu kukwambia. Sasa anaumwa, hakuna mwenye kumwangalia."

Bibi hakuelewa Kiswahili chetu. Alinitazama usoni, akanikumbatia, akanisalimu kwa Kinyarwanda na kuniita binti yake. Ningefanya nini? Nikamshika mkono wa pili, tukatafuta teksi.

Jioni nilimpikia ndizi laini. Alikula taratibu, akazungumza sana. Alisema mwanawe ni mtu mwema, hajawahi kumsahau. Amekuwa akimtembelea tangu kitinda mimba wetu hajazaliwa, kila mara akipita sokoni Kampala kununua vitenge.

Kitinda mimba wetu yuko darasa la tatu.

Niligeuka kumtazama mume wangu. Alikuwa ameinamia sahani. Nikamwongezea mama mkwe mchuzi, nikimfurahia kwa moyo wote, na papo hapo nikijiuliza ni nini kingine ambacho mtu huyu hajaniambia.